Viatu vya Muzee Barthélemy

Bénie, acha kupika, soma hii. Tunatoka sasa hivi kwa dot, mahari ya Apolline, hapa Katoyi. Weeee!

Unajua Apolline, dada yangu, alisikiaka sauti mu kichwa, sasa anakunywaka dawa kila siku. Hakuficha. Akaleta hata infirmière yake, muuguzi Mama Micheline, akamukalisha kati ya batantine, bashangazi betu.

Muzee Barthélemy, baba ya bwana-arusi Moïse, akasimama: «Mutu wa wazimu atanizalia bajukuu, halafu atabalea na akili gani?»

Mbele ya batu bote! Fanta zikabaki hewani.

Apolline akajibu polepole. Yeye na Moïse balishaongea na docteur. Siku banataka mutoto, dawa itabadilishwa kwanza, na docteur atamufuata mupaka azae. «Na usiku ninalala muzuri, papa.»

Muzee akakaa tena. Halafu: «Unalala? Kabisa kabisa?»

Akageukia infirmière: «Miye, tangu tukimbie vita ya Masisi, ninalalaka na viatu. Nikivua, moyo inaruka.»

VIATU, Bénie! Bibi yake, mama ya Moïse, akaitika: ni kweli, anamupigaka nayo mateke.

Mujomba moja akasema hata yeye halalake. Mwingine, akisikia mulango, anaingia chini ya kitanda. Bote bakapanga mustari mbele ya Mama Micheline! Dot imesimama, mbuzi inalia inje.

Na nani anapanga mustari? Apolline, na kitenge yake ya sherehe. Muzee akataka kupita mbele ya bengine. Apolline akamushika mukono:

«Tulia, papa. Kwanza infirmière aseme kama weye unaweza kupewa bajukuu.»