Kwa Baba Fideli, Aliyetuachia Kanda Kumi na Moja

Mwaka umetimia, Baba Fideli, tangu tulipokulaza kando ya migomba yako hapa Kirushya. Mwalimu wetu, uliyekwenda na kamera yako ya video kila harusi, kila kipaimara, kila mavuno ya maharage, na hukumtoza mtu.

Uliacha kanda kumi na moja, zimeota ukungu. Binti yako Marsiana alizifunga kwenye kanga akazipeleka Biharamulo kwa fundi Shibuda. Wiki tatu walizifuta kwa pamba na spiriti. Siku sauti yako ilipotoka, Marsiana alilia mpaka Shibuda akazima mashine.

Kanda kumi zilikuwa za watu wote. Moja ilikuwa ya Mama. Koleta wako, umemwoa juzi tu, anajifunza kusoma. Kidole kitabuni, jasho puani. "Ba... be..." Nawe nyuma ya kamera: "Rudia, mke wangu. Hakuna anayekukimbiza." Ulimwahidi kwamba hakuna mwingine atakayeiona, na hukuionyesha mpaka unakufa.

Marsiana aliwagawia ndugu zile kumi kwenye flashi. Hiyo moja alimwachia mdogo wake Juvenali aitazame, kwa kuwa ndiye aliyekulilia kuliko sisi sote.

"Isitoke nje ya nyumba."

"Dada, mimi si mtoto."

Haikufika Jumapili, ikawa kwenye simu za watu, imetiwa mlio wa punda. Mama alipopeleka maharage Kabanga, wabadilisha fedha wa mpakani walimzunguka: "Ba, be, bi, mama!" Alirudi na gunia lake vilevile. Tangu siku hiyo hajasimama kusoma somo kanisani, yeye aliyelisoma miaka ishirini.

"Nilitaka watu wacheke kidogo tu, dada," Juvenali alisema.

"Wamecheka. Umeshiba?"

Aliifuta kwenye simu yake. Za wengine nani atazifuta? Ulituambia kikulacho ki nguoni mwako. Marsiana alidhani ni methali ya darasani tu. Mgeni angemfanyia hivyo, angesahau. Huyu ni mdogo wake, aliyembeba mgongoni. Mwezi wa tatu huu hajapokea simu yake.

Tangazo hili aliliandika Marsiana. Mama akalichukua, akalisoma polepole, akamrudishia karatasi.

"Jina moja limepungua."

"Mama, baada ya alilokufanyia?"

"Aliyefanyiwa ni mimi, na aliyemzaa ni mimi. Andika."

Marsiana ameandika, Baba. Hajamsamehe, wala hatukufichi.

Unakumbukwa na mkeo Koleta, wanao Marsiana, Philbert na Kalista, wajukuu wako wote, na majirani wa Kirushya uliowapiga picha.

Na Juvenali.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Pumzika.