Mke wa Mjomba Asiyekuwepo

Jumatano, 2 Oktoba 2024

Nimefika Nyamwaga. Vumbi hadi ndani ya masikio. Field imeisha kule Mugumu, ripoti imesainiwa, na sasa kazi yangu ni kula ndizi za Bibi mpaka nirudi Dodoma kuanza mwaka wa tatu. Hiyo kazi naiweza.

Kutoka stendi nimeletwa na Waitara wa bodaboda. Njia nzima hajageuza shingo. Nikamuuliza kulikoni, akasema amesikia nasomea kusoma mawazo ya watu, na yeye ana mawazo mengine si ya kusomwa na mtoto wa watu. Nikamwambia saikolojia haiko hivyo. Akasema hata waganga husema hivyo hivyo.

Bibi Teresia kanipokea kwa uji wa ulezi na swali: mwaka huu wamenifundisha nini? Nikamweleza unasihi. Mtu anakuja na shida, unamsikiliza, humpi ushauri, unamrudishia maneno yake mpaka ajione mwenyewe. Bibi akanywa uji, akafikiri. Halafu akauliza: kwa hiyo mtu anakuja na shida yake, na anaondoka nayo?

Nitamwuliza mhadhiri.

Ijumaa, 4 Oktoba

Asubuhi Bibi kaniita zizini. Yule ng'ombe mwekundu anabana maziwa. "Haya, msomi, msikilize." Nikasimama mbele ya ng'ombe, nikamtazama machoni, nikamwambia kwa sauti ya darasani: naona leo kuna jambo linakusumbua. Bibi alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Ng'ombe hakuachia hata tone.

Na akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, akasema: "Judith, nataka kuoa."

Hivyo tu. Kama mtu anayesema anataka kupaka nyumba rangi.

Chuoni niliwahi kumweleza mila hii Sabaha, mwenzangu wa chumba, anatoka Tanga. Nilirudia mara tatu. Kwetu mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe zake, akaoa mwanamke, akamweka nyumbani kama mke wa mwanawe — hata kama huyo mwana hakuwahi kuzaliwa. Mwanamke anazaa na mwanaume anayechaguliwa, watoto wanachukua jina la nyumba ile, wanarithi shamba. Nyumba ntobhu. Sabaha akauliza, sasa mume yuko wapi? Nikamwambia hayupo. Akasema basi hiyo ndiyo ndoa nzuri kuliko zote. Tulicheka usiku ule.

Leo sicheki. Bibi ana mabinti watu wazima, mama yangu mmoja wao, wote wameolewa mbali. Babu alishafariki. Nikamuuliza — na hapa nilikuwa mtulivu, mnasihi kabisa — amemfikiria nani.

Neema.

Neema wangu! Tulikaa dawati moja darasa la kwanza mpaka la saba, nilipokuwa nalelewa hapa kwa Bibi. Anakaanga chapati Matongo, anawauzia wachimbaji. Ana binti mdogo, Lilian, ambaye baba yake alikuja kufuata dhahabu na akaondoka kufuata nyingine, simu haipatikani. Yaani rafiki yangu awe mke wa mjomba wangu. Mjomba ambaye hayupo! Ana mke, ana mtoto, ana shamba la migomba. Amefanikiwa kuliko sisi wote.

Nimeapa nitalizuia hili jambo. Kitaalamu.

Jumapili, 6 Oktoba

Kanisani. Mahubiri marefu, benchi gumu. Tulipotoka tukamkuta Mjomba Matiko, mtoto wa kaka yake Babu, ndani ya shamba la Bibi. Alikuwa akipiga hatua kutoka mgomba hadi mgomba, midomo inacheza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akasema anaangalia tu kama mvua imefika chini. Mvua yenyewe bado haijanyesha.

Bibi hakumgombeza. Alimkaribisha chai, akamwekea na sukari ya kutosha. Alipoondoka ndipo akaniambia: huyo anapima shamba tangu Babu azikwe. Siku yeye atakapofumba macho, jiko lake litakuwa zizi la Matiko, na jina la nyumba litakuwa limeisha. Alisema hivyo huku anasuuza vikombe.

Nikatumia mbinu. Nikamwambia: nakusikia Bibi, unaogopa nyumba yako isije ikazimika. Akakung'uta maji kwenye kikombe. "Ndiyo hilo nimesema sasa hivi. Hukusikia?"

Nimempigia mama. Kasema nisiingilie, mambo ya nyumba ile ni ya mwenye nyumba. Nikamwambia yeye ni binti wa nyumba hiyo. Kasema ndiyo maana.

Jumatatu, 7 Oktoba

Leo Matongo. Kwenda kumwona Neema, kumpa nafasi ya kuzungumza bila shinikizo — ndivyo tunavyoandika kwenye ripoti. Bibi alivyojua naenda hakukunja hata uso. Akasema vizuri sana, na mtu haendi nyumba ya watu mikono mitupu. Akaniwekea kwenye mfuko mkungu mdogo wa ndizi, kanga mpya, na kifurushi cha ugoro kimefungwa kwenye jani la mgomba, cha baba yake Neema. Mzee anapenda ugoro, nikaona ni wema tu.

Waitara alinibeba. Safari hii kaniangalia kwenye kioo mara moja, akauona mfuko, akatabasamu. Ningejua!

Nimefika, nimewaamkia wazazi, nimekaribishwa kigoda. Nikatoa vitu. Mama yake Neema akaichukua kanga, akaifunua, akaikunja. Baba yake akalitazama jani, akalifungua polepole, akachukua ugoro kidogo, akavuta, akapiga chafya, akasema: tumesikia. Kisha akatoka nje kuwaita ndugu zake.

Nikamuuliza Neema, amesikia nini? Sijasema kitu.

Neema aliweka mkono mdomoni. "Judith, wewe umeleta posa."

Ugoro kutoka nyumba inayotafuta mke, ukipelekwa na binti wa nyumba hiyo kwa mikono yake, hilo ndilo neno lenyewe. Na ukishavutwa umekubaliwa kusikilizwa. Mtoto wa Nyamwaga, mwaka wa tatu chuo kikuu, nimepanda pikipiki kwenda kuvunja ndoa na nimerudi mshenga. Neema alicheka sana, mpaka Lilian naye akaanza kucheka bila kujua kinachochekesha. Na mimi mwisho nikacheka, nifanyeje.

Lakini sikupata kumuuliza nilichoendea. Nyumba ilishajaa baba zake wakubwa na wadogo.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemnunia Bibi. Hajali. Kapika kuku.

Nimekula kuku.

Alhamisi, 10 Oktoba

Gulio. Neema kaja na beseni la chapati kichwani, Lilian mgongoni. Tumekaa nyuma ya wauza dagaa, mahali pasipo na wa kutusikiliza. Hatimaye! Nikakaa sawa, nikainama mbele kidogo kama tunavyofundishwa. Nikamuuliza anajisikiaje.

Akasema mgongo unamuuma.

Nikamuuliza kuhusu Bibi. Akaniambia kila kitu bila haraka, huku anarudisha chenji kwa wateja. Kwamba Bibi alimfuata mwenyewe Matongo, kabla hata mimi sijaja, wakazungumza kama wanawake wawili. Neema aliweka masharti yake. Hatachaguliwa mwanaume, akitaka atachagua mwenyewe, asipotaka hakuna. Biashara ya chapati inaendelea. Na Lilian anaingia na yeye, anapewa jina la Babu, shamba ni lake hata kama ni msichana. Bibi alikubali yote. Hilo la mwisho alilifikiria kidogo, akakubali.

Nikamwambia lakini wewe una ndoto zako. Ulikuwa unataka kujifunza ushonaji, kufungua duka Mugumu. Sauti yangu ilipanda, mnasihi akanitoka kabisa. Akasema ndoto hizo anazo bado, zina miguu, zitamfuata. Nyumbani kwao anaitwa yule aliyerudi na mtoto, na Lilian anaitwa mtoto wa machimbo. Kwa Bibi ataitwa mwenye nyumba.

Kisha akasema kitu ambacho sijui nikiweke wapi: hana uhakika. Usiku anaamka anajiuliza kama anaingia nyumba au anafunga mlango. Wazee wanakuja Jumapili kusikia neno lake, na neno lake bado hajalijua.

Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia: nasikia kwamba hujaamua. Akacheka, akanipa chapati ya bure.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha mchana. Ilipokatika nilikuwa nafungasha, maana basi langu ni Jumatatu alfajiri. Bibi alikwenda kisimani. Nikafungasha, nikakunja nguo, nikaongea na Sabaha kwenye simu kuhusu chumba, nikaongea tena. Ndipo nikaona Bibi hajarudi.

Nimemkuta kwenye kijia, amekaa chini kwenye matope, ndoo imelala pembeni tupu. Aliteleza. Hajavunjika, Mungu mkubwa, goti limevimba na mkono umechubuka. Lakini alikuwa amekaa hapo muda wote ule nikicheka na Sabaha. Nikamuuliza kwa nini hakuita. Akasema aliita.

Nimemkanda goti kwa maji ya moto. Katulia, akanitania kwamba sasa nimepata mteja wa kweli. Nikacheka nikatoka nje, nikalia nyuma ya jiko, kule kuku wanapolala. Jumatatu nikiwa njiani Singida huko, akiteleza tena, atamwita nani? Matiko?

Na hapo wazo likaja. Sikuliita. Neema akiwepo, mimi nitapanda basi bila kugeuka nyuma.

Wiki nzima nasema nalinda ndoto za Neema. Haya.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika nikiwa kitandani kwa Bibi, na Neema amekaa kwenye kigoda mlangoni, ananitazama. Kasema niandike kwanza kama kwa kuandika ndivyo ninavyofikiri, hana haraka, chapati zimeisha mapema.

Alikuja kumwona Bibi baada ya kusikia kaanguka. Kamletea dawa ya kuchua na mafuta ya taa. Kaosha vyombo bila kuambiwa. Ng'ombe mwekundu kamkamua yeye. Ng'ombe kaachia maziwa yote, msaliti mkubwa. Bibi akawa anamtazama huku anajifanya hamtazami.

Halafu Neema akaingia humu, akaniwekea Lilian mapajani. Akasema kesho wazee wanakuja. Baba yake anataka ng'ombe, mama yake anataka apumzike na maneno ya majirani, Bibi anataka nyumba. Kila mtu kamwambia anachotaka isipokuwa mimi. Tangu nimekuja namuuliza tu, namrudishia maneno yake mwenyewe, anayo mengi tayari, hana pa kuyaweka. "Wewe ni rafiki yangu tangu tunanyang'anyana rula. Unataka niingie nyumba hii, au hutaki?"

Nimefungua mdomo.

"Ukiniuliza najisikiaje," akasema, "nachukua mtoto wangu naondoka."

Nataka aje. Nataka sana, na nataka kwa ajili yangu, ili niende zangu chuo nikiwa na amani. Na ningeulizwa kama mimi mwenyewe ningeingia, katika hali yake lakini nikiwa na nafasi ya chuo kama hii niliyo nayo mkononi, jibu ni hapana, na nisingefikiri mara mbili. Yote mawili ni kweli. Nimwambie lipi? Nikimwambia la kwanza peke yake nimemposa mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Nikimwambia la pili, kesho anakataa, na Jumatatu Bibi ananisindikiza stendi akichechemea, ananipungia mkono, anarudi peke yake kwenye kijia kile.

Anastahili kuyasikia yote mawili. Ndiyo, yote. Hata lile la aibu.

Lilian ameikamata kalamu yangu, anaivuta, nguvu anazo. Nje Bibi anachambua maharage kwenye ungo, tangu Neema na Lilian waingie humu nilikuwa nasikia yakigonga bakuli, moja moja, na sasa siyasikii.

"Umemaliza?" Neema ananiuliza.

Nimemwambia bado kidogo. Kasogeza kigoda karibu.