Tarumbeta za Mama Aika

Kampala, 2 Machi 2025

Baba, shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi mzima, ila matoke yamenichosha, naota mtori wa shangazi Redempta.

Baba, nimetoa wimbo na Jovin, mwimbaji wa huku Uganda. Unapigwa redioni mpaka Nairobi! Lakini kuna jambo limenishinda kulisema kwa simu. Tarumbeta zinazosikika mle ni zenu, wewe na wenzako wa bendi. Wakati wa Krismasi, mlipokuwa mkifanya mazoezi nyuma ya kanisa, niliwarekodi bila kuwaambia. Jovin aliposikia tu akasema wimbo ni huu. Umeshausikia? Naogopa kidogo.

Mwanao,
Aika

Kirua Vunjo, 13 Machi 2025

Aika, marahaba. Mgongo upo. Ng'ombe amezaa dume.

Nimeusikia kilabuni kwa Salvina, watu wameshika mbege mkononi wanakata viuno. Wimbo ule niliutunga mimi, kwa ajili ya marehemu mama yako. Ulikuwa upigwe mara ya kwanza Jumatatu ya Pasaka, siku ya kuweka msalaba kaburini kwake. Umewasikilizisha walevi kabla yake. Sina zaidi.

Baba yako

Kampala, 21 Machi 2025

Baba, shikamoo. Siku nne napiga simu hupokei. Sikujua, Baba, haki ya Mungu. Nilidhani ni wimbo wa kanisani tu. Jovin naye amenyong'onyea. Ukisema tuufute, tunaufuta kesho.

Ndani ya bahasha kuna isale. Huku wanalipanda kwenye mipaka ya mashamba, hawajui kwamba kwetu ni jani la kuombea msamaha. Nilipaswa kulileta mwenyewe, nipige magoti, lakini naona aibu kusimama kwenye kaburi la mama kabla hujanipokea. Nalituma kwa basi, shangazi atalichukua Moshi mjini akuletee.

Mwanao mkosefu,
Aika

Kirua Vunjo, 24 Aprili 2025

Aika mwanangu, marahaba sana. Natumaini hujakonda kwa kunisubiri.

Isale lilifika limekauka. Shangazi yako akaliweka mezani, akaondoka hata chai hakunywa. Mtu akikuletea isale humrudishi, unajua, na mimi wala sikutaka kumrudisha. Nilikusamehe siku ile ile. Kilichonizuia kuandika ni siri yangu.

Wimbo ule haukuwa na mwisho. Mwaka mzima, kila nikifika pale pa kumalizia, naona namzika mama yako mara ya pili, naweka tarumbeta chini. Wenzangu walikuwa wananivumilia tu. Sasa huyo Jovin wako, pale tulipokatikia sisi, ameendelea na kinanda polepole mpaka akaumaliza. Nilirudi kwa Salvina siku tatu mfululizo kuusikiliza, nikijifanya nimefuata mbege.

Jumatatu ya Pasaka tuliupiga mpaka mwisho, kama alivyouweka yeye. Na kumbe Kirua nzima walishaujua! Kihamba kizima, shamba lote la migomba kuzunguka kaburi, kiliimba nasi. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya. Tangu siku hiyo nalala vizuri.

Msiufute. Njoo nyumbani, uje naye. Nataka nimshike mkono nimpeleke kaburini, nimwambie mama yako: huyu ndiye aliyenisaidia kukuaga.

Baba yako anayekungoja