Mchanga Mtupu

Chumba namba 14,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa mwanangu,

Shikamoo yako ya mwezi uliopita niliipokea, marahaba. Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hasira ambayo wiki hii imenipanda kuliko presha. Nimeanza na salamu kwa sababu nililelewa. Sasa nisikilize.

Ramani yenu ya sakafu ya bahari nimeiona. Jirani yangu, fundi saa, aliifungua kwenye kompyuta yake, nami nikavaa miwani. Mwamba mmeupaka kahawia, majani ya bahari kijani, mchanga njano. Nikajisemea, huyu kweli mtoto wa kaka yangu. Kisha nikautafuta ule ukanda wetu wa maji ya magotini, nikaukuta wa njano.

"Hapo ni mchanga mtupu, mama," fundi akanisomea.

"Mtupu wewe," nikamjibu. Maskini, akaenda kuchemsha chai.

Sakafu ile niliitembea pekupeku tangu utotoni hadi tulipohamishwa. Miguu ndiyo iliyotufundisha. Majani marefu yanayofunga vifundo tuliyaita nywele. Yale mafupi, yaliyolala chini ya vumbi la mchanga, tuliyaita zulia. Kwa macho huyaoni. Unakanyaga, unahisi, unainama, unatoa kome. Mama yako, aliyebaki kijiji cha jirani, huenda huko hadi leo kila bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, na wewe ulibebwa mgongoni majini humo kabla hujajua kutembea.

Mimi husoma kila kitu, hata yale maandishi madogo ya chini yanayoandikwa ili yasisomwe. Nikakuta: chombo hakikuweza kuingia kwa uhaba wa maji, aina ya sakafu imekadiriwa kutokana na maeneo jirani. Maana yake hamkufika. Hamkupeleka sauti chini ikarudi na kipimo, hamkushusha kamera. Mlikisia, mkapaka rangi.

Nilipokupigia ulisema, "Shangazi, kila mraba lazima uwe na rangi. Mtambo haukubali pengo."

"Na wewe je, unakubali?"

Ukasema mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzima, mwanangu, nilikusikia unavyopumua.

Sasa watu wa bandari wanasema mkondo wa meli utachimbwa kwenye njano, kwa kuwa hapana kiumbe hapo. Maoni ya wananchi yanafungwa tarehe thelathini. Baada ya hapo mashine itaingia, na mama yako atabaki na ndoo yake mkononi.

Miaka arobaini na moja iliyopita, karatasi ya kutuhamisha ilisema ardhi yetu ni tupu. Niliisoma nikiwa jikoni, watu kumi na mmoja wakingoja chakula. Aliyeiandika hakuwahi kufika. Lakini yule sikumjua, nikamlaani bila taabu. Wewe nitakulaani vipi?

Basi ngoja bamvua, vua viatu, umfuate mama yako. Hiyo kamera ibebeni mkononi, haitavunjika. Mkubwa wako akikataa, angalau ifute njano, uache weupe, uandike: hatujui. Si aibu. Aibu ni hiyo mliyoichapisha.

Pingamizi langu nimelituma ofisini kwenu jana. Nimenukuu maandishi yako ya chini neno kwa neno, na sikuficha kwamba mchoraji ni damu yangu. Utaitwa. Afadhali ulisikie kwangu kwanza.

Nisalimie mama yako, wifi yangu mchokozi. Mwambie bado namdai utani. Wasalimie na wale pacha wa kaka yako, na mzee wa cherehani kama angali ananikumbuka.

Mungu akupe afya, akulindie kazi yako, na akujalie ulimi wa kusema hujui mahali ambapo hujafika.

Akupendaye, ingawa leo kwa shida,

Shangazi yako.