Si Bega, Baba

3 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia stoo kwako, misumeno yote imerudi na hakuna aliyekuudhi. Sisi huku wazima. Mjukuu wako ametimiza miezi minne. Jino hata moja hana, lakini sauti anayo ya watu wanne. Mkweo naye mzima, bado anachomelea mageti ya watu huku letu halifungi.

Najua huko msituni kwenye kambi ya mbao simu haishiki, ndiyo maana nimeshika kalamu, na mwandiko wangu unaujua, univumilie. Kamanda, kiongozi wa bendi yenu, alikuja nyumbani. Yule aliyechukua nafasi yako ya besi amehama, bendi imebaki haina mtu. Alinikuta nimemlaza mtoto, nachezea gita lako polepole bila spika. Akasimama mlangoni mpaka nikamaliza, akasema, "Binti, mkono huo ni wa baba yako." Nikacheka kama mjinga.

Amenipa majaribio mpaka mwisho wa Mei, kila Jumamosi mchana pale ukumbini. Nikiweza, nafasi ni yangu.

Baba, naitaka. Tangu nijifungue mimi ni mama tu, na napenda, usinielewe vibaya. Ila nikishika gita naona kuna mwingine humu ndani ambaye naye alikuwa anangoja zamu yake.

Sasa nishauri. Gita lako ni zito mno. Nipige hilo, au niazime lile dogo la shingo fupi la Kijiti, mpiga dramu wenu? Nyuzi nibadilishe? Na ile ampu ya kukuzia sauti pale ukumbini ina vitufe vya kuzungusha sita, mimi najua swichi ya kuwasha tu.

Mwanao

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Misumeno imerudi yote isipokuwa mmoja, na aliyeondoka nao kaniudhi sana. Mjukuu wangu mwambie asipunguze sauti, atakuja kuitumia.

Barua yako niliisoma nimesimama. Habari kama hiyo haisomwi mtu amekaa.

Sikiliza. Lile la shingo fupi liache hukohuko, hilo ni la kubembelezea watoto. Langu ni zito kwa sababu mti wake ni mzito, na uzito huo ndio unaofanya noti ikae hewani isidondoke. Nyuzi usiguse. Ni zile laini zisizokwaruza kidole, zimeshazoea mkono wetu. Nyuzi mpya zinalia kama sahani. Kwenye ampu, besi iwe nusu, usiwe na tamaa. Sauti ya kati ipandishe kidogo, hiyo ndiyo inayowafikia walioko nyuma. Sauti kali ishushe karibu na mwisho. Ampu usiiache sakafuni, iweke juu ya kreti, la sivyo ukumbi utanguruma wenyewe. Na mkono wa kushoto usijue kubonyeza tu, ujue na kuzima. Noti isipozimwa kwa wakati inawakanyaga wanaocheza.

Mkanda ufupishe. Gita likae juu, kifuani kabisa, kama mtoto anayenyonya. Wale wanaolining'iniza magotini wanavipigia viatu vyao. Na usimame! Miaka ishirini na miwili sikuwahi kukaa jukwaani. Besi haipigwi kwa kukaa. Ukikaa wewe, bendi nzima inasinzia.

Nafasi hiyo ichukue.

Baba yako

10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Humu ndani hatujambo, nawe najua hujambo maana mtu mgonjwa hawezi kuandika kwa ukali ule.

Nimepiga Jumamosi tatu! Ya kwanza nilikosea mara mbili mpaka Kijiti akaniambia, "Wewe fuata mguu wangu, mengine tutasameheana." Nimeweka ampu kama ulivyosema, juu ya kreti la soda. Wimbo wa tatu akaja mama mmoja mtu mzima mpaka mbele ya spika, akauliza, "Yule mzee amerudi?" Nikamjibu, "Hapana mama, ametuma mkono." Akacheka, akarudi kucheza.

Ila bega, baba. Bega la kushoto. Mkanda unakata. Jumamosi iliyopita nilipata homa nikashindwa kwenda. Kamanda, nasikia, aliangalia saa tu. Una dawa gani ya bega?

Mwanao

25 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Pole na bega. Hilo ni jambo ninalolijua.

Nimekutumia mkanda kwa dereva wa lori la mbao. Nimeushona mwenyewe kwa ngozi ya mkanda wa mashine kuukuu, ndani nimeweka blanketi. Ni mpana kama kiganja. Uuvae juu, halafu ukaze, matundu mawili zaidi ya ulipozoea. Gita likibana kifua haliyumbi, na lisipoyumba bega halichoki. Litalalamika wiki mbili, kisha litanyamaza lenyewe.

Na Jumamosi usikose. Mimi niliwahi kupiga jioni baada ya kung'olewa jino asubuhi. Mdomo umejaa pamba, na hakuna aliyejua.

Baba yako

16 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Mtoto mzima, baba yake mzima.

Mkanda umefika. Nimeunusa, una harufu ya mashine na ya ile sigara uliyosema umeacha. Umeshonwa vizuri kuliko nguo zangu. Niliuvaa juu, nikaukaza matundu mawili.

Baba, si bega. Nilikudanganya. Nilishindwa kuandika, na hata sasa karatasi hii nimeigeuza mara tatu. Wewe ni baba yangu. Nitasema hivi: ni pale mkanda unapopita na gita linapobana, mahali mtoto anapopatia chakula chake. Upande wa kushoto. Pamevimba, pamekuwa pagumu kama kiazi, pa moto. Mtoto akishika naziona nyota mchana. Homa ile haikuwa ya bega. Na nilipokaza kama ulivyoniagiza, ilirudi mara mbili yake.

Nesi wa kliniki aliniuliza, "Mama, umebana nini hapa? Umelalia jiwe?" Nikamwambia nimebana besi. Akaita wenzake wawili waje kunitazama. Amenipa dawa, kasema mtoto aendelee kunyonya, tena aanzie upande huohuo, ila kinachobana kiondoke.

Jumamosi mbili zaidi nimekosa. Kijiti kanidokeza kwamba Kamanda ameanza kusikiliza mtu mwingine. Mkweo ananiambia nisikate tamaa, lakini yeye hajui kuna nini cha kufanya, na mimi sijui. Nimewaza kulirudisha gita kwenye sanduku lake. Nimelifungua sanduku, nimelitazama, nimelifunga tena bila kuliweka.

Nisamehe kukuandikia mambo haya.

Mwanao

6 Mei

Baba,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Kama nimekosa adabu, nisamehe, tuyaache. Uvimbe umepungua, homa imekwisha. Jumamosi sijaenda.

Mwanao

15 Mei

Mwanangu,

Hujakosa adabu. Aliyekosa ni mimi, kwa kunyamaza.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaificha chini ya misumeno. Siku ya tatu nikaitoa. Nikairudisha. Sikujua baba anajibuje barua kama ile. Mwisho nikamwendea mama mpishi wa hapa, aliyelea watoto sita, nikamwambia kuna mtu ninayemfahamu ana shida hii na hii. Akanitazama juu mpaka chini. "Mtu huyo si wewe, mzee?" Foleni yote ya chai ilicheka, na mpaka leo wananiita Mzazi. Lakini nilipomweleza vizuri aliweka mwiko chini, akasema, "Unamfunga binti yako kamba, halafu unamuuliza kwa nini hapumui."

Na mimi ndiye niliyekuandikia, kwa mkono wangu, lile la mtoto anayenyonya. Nikilikumbuka sioni pa kuweka uso.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Watu wote wanajua niliacha bendi kwa sababu ya kazi hii. Kazi niliitafuta baadaye. Mgongo ulikuwa umekwisha. Mwaka ule wa mwisho, tukifika wimbo wa nne miguu inakufa ganzi, natabasamu huku nimeegemea spika. Nilichohitaji kilikuwa kiti. Kiti tu, mwanangu. Lakini nilikuwa nimewacheka waliokaa miaka yote ile, nikaona heri niiache besi kuliko kuonekana nimekaa. Na hapa stoo nakaa kutwa.

Kaa. Mkanda uvue kabisa. Gita likae juu ya paja la kulia, mguu huo uinuke kidogo, kifua kiwe huru. Lile la shingo fupi likikufaa, piga hilo. Nyuzi, ampu, fanya utakavyo, mkono ni wako. Wiki mbili zimebaki. Nenda kwa Kamanda umwombe kiti. Usifanye nilivyofanya mimi.

Baba yako

3 Juni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena, na ya tatu kwa niaba ya mjukuu wako ambaye ameota jino.

Barua yako nililia nayo, halafu nikampa mkweo ile sehemu ya kiti tu, hiyo nyingine nimeikunja ni yangu. Alitoka hapohapo akaenda karakana. Akarudi na kiti kirefu cha chuma, chini kina pa kuwekea mguu, juu amekiwekea godoro la abiria la baiskeli ya watu, nimemwambia asiniambie ya nani.

Jumamosi nikaingia nacho ukumbini. Kamanda akasema, "Hiki cha nani?"

"Changu."

"Binti, bendi hii hatukai. Baba yako hakuwahi kukaa hata siku moja."

Nikasema, "Kijiti anakaa tangu bendi ianze."

Halafu Kijiti akachungulia nyuma ya dramu zake: "Mimi nilidhani hamjaniona." Mpiga solo alicheka mpaka akakatikiwa na uzi. Kamanda alijitahidi kununa, uso ukamshinda. Akasema, "Wimbo mmoja tu."

Tulipiga kwa saa mbili na nusu, hakukumbuka kuniinua. Hapakubana popote. Kila mapumziko mkweo ananiletea mtoto nyuma ya pazia, ananyonya pande zote mbili, anarudi kwa baba yake ameshiba. Jumamosi ya mwisho ya Mei nimekuta Kamanda ameandika kwenye karatasi ya ukutani: BESI, BINTI. Yule mwingine aliyekuwa anasikilizwa amepewa gita la ridhimu.

Napiga gita lako, si lile dogo. Paja halilalamiki. Ila sauti kali nimeipandisha kidogo, usinikasirikie, ndivyo ninavyoisikia mimi.

Kamanda aliniuliza, "Baba yako akisikia umekaa atasemaje?" Nikamwambia atajisemea mwenyewe. Lile ulilonieleza sikulitoa. Ni lako.

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote tatu.

Barua nimeisoma mara nne. Ya tano aliisoma mama mpishi, kwa sauti, mbele ya foleni ya chai, na alipofika kwa Kijiti ikabidi asubiri watu wanyamaze. Sauti kali umeipandisha. Sawa. Miezi minne iliyopita ningekuandikia kurasa mbili juu ya hilo.

Nina swali, na ni wewe wa kuniambia, maana sasa mjuzi ni wewe. Mafundi wa malori hapa wana magita na spika. Jumapili mchana wanapiga. Gita la besi wanalo, limetundikwa ukutani, hakuna wa kulishika.

Hicho kiti, kutoka sakafuni mpaka juu kina urefu gani? Kina egemeo la mgongo, au mtu anakaa wazi? Na pale pa mguu, umepaweka kimo gani?

Nijibu kwa lori la Alhamisi. Seremala wa kambi ameshachagua mbao, anangoja vipimo.

Baba yako