Kipande cha Krayoni ya Njano

Mjukuu wangu Nekesa,

Hujambo huko kwenye baridi? Sisi hapa mtaani Mowlem tu wazima. Mama yako anakusalimu, na maji ya mfereji bado huja yakipenda.

Unauliza ufanyeje mkono ukikataa kuchora. Umeuliza bingwa! Soko zima la Gikomba hakukuwa na kibanda kisicho na maandishi ya brashi yangu, na shule niliiachia darasa la sita.

Lakini mkono huu nao ulikataa. Mjomba wako Wafula alipotuacha, bado mtoto wa nasari, majirani walisema, "Fundi, nani ataandika msalaba wa mwanao kama si wewe?" Nikachovya brashi. Herufi ya kwanza ikanishinda, na gari la kumpeleka Bungoma kuzikwa liko mlangoni.

Nyanya yako akaleta krayoni za mafuta za Wafula na kipande cha katoni. "Chora maua."

"Maua gani, Mama Wafula?"

"Yoyote. Chora vibaya, kama yeye."

Tukachora sote wawili, tukisugua rangi kwa vidole, majani mekundu, maua ya kijani. Nikamwambia ua lake linafanana na kuku aliyenyeshewa. Akacheka, kisha akalia. Mkono wangu ukalegea, nikaandika jina lake msalabani.

Uchungu haukutoka, mjukuu wangu. Ulisogea kidogo tu, brashi ikapita.

Humu barua​ni nimefunga kipande cha njano, ndicho kilichobaki cha krayoni zake. Chora nacho ovyo mpaka kiishe. Mimi bingwa nimeshindwa kukimaliza.

Babu yako