Mlinzi wa Stesheni ya Mkonge

Jumatatu, 7 Julai
Baba kagonga reli tena asubuhi. Kipande cha reli kinachoning'inia kwenye boriti ya stesheni, ndiyo kengele. Zamani watu wakiisikia walijua treni ya mkonge inaondoka kwenda kiwandani. Shamba lilifungwa nikiwa msichana. Injini ikauzwa, Baba akaachwa mlinzi, na nyumba hii nyuma ya jukwaa. Mshahara ulikoma zamani. Yeye bado analinda.
Nilimletea rangi ya nywele kutoka saluni yangu. Kakataa. Kichwa chote cheupe na hataki kusikia. Nimemwambia huku Kilifi mzee mwenye mvi huitwa mchawi, akachomwa pamoja na nyumba yake. Kaninunia mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 9 Julai
Karisa kaja na mnunuzi wa vyuma kuukuu. Kaka yangu huyo, kifua mbele. Wakatembea juu ya reli kutoka jukwaani hadi tangi la maji lililotoboka, wakipima kwa macho. Baba katoka na nyundo ya kengele. Kawaambia reli si yake wala si ya Karisa, na mwenye shamba aliyemwachia hajarudi kusema ichukuliwe.
Mnunuzi kaondoka. Karisa kampiga teke mbuzi wa Baba, mguu ukavunjika. Tumemchinja. Sikuweza kula.
Namchukia Karisa. Naandika wazi.

Jumamosi, 12 Julai
Mtoto wa Kache kafa. Kache ni jirani yetu wa ng'ambo ya reli. Homa, siku chache tu. Kalia hapa, kichwa mapajani mwangu.
Watu washaanza kuuliza nani kamuua. Huku hakuna mtoto anayekufa bure. Jioni Baba mwenyewe kakaa kwenye kigoda, kainamisha kichwa, kanambia nipake. Hakunitazama. Nikapaka nzito, nyeusi tii. Sitaki mtu aone unywele mmoja mweupe pale kaburini.

Jumapili, 13 Julai
Nimemmaliza Baba kwa mikono yangu.
Kaburi halijafukiwa lote, Karisa kasimama. "Jana baba yangu alikuwa mweupe kichwa kizima, nyote mlimwona. Leo mtoto azikwa, yeye ana nywele za kijana. Ujana huo kautoa wapi?"
Nikasema ni rangi, nimepaka mimi. Nikasema tena kwa sauti. Mtu mmoja kaleta maji kwenye kata, kammwagia Baba kichwani, kasugua kwa ukucha. Haikutoka. Mimi siweki rangi mbaya.
Baba kasimama tu, maji yakimchuruzika shingoni. Mwanamke mmoja kamtemea mate. Tulirudi nyumbani. Nimemsihi twende Malindi, Muyeye, kwa dada Sidi. Kasema stesheni itabaki na nani?

Jumatatu, 14 Julai
Wamekuja mchana kweupe, nyuso wazi. Wanne. Wote nawajua. Wawili nimewanyoa.
Baba alikuwa anafagia jukwaa. Panga la kwanza lilikata mkono aliouinua, vidole viwili vikaanguka kwenye saruji. La pili kichwani. Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga. Nikashika nyundo, nikagonga reli, nikagonga, nikagonga. Watu wakatoka milangoni. Wakasimama hapo hapo. Walisikia vizuri.
Basi nikawageuzia hao wanne nyundo. Wa kwanza begani, nikasikia mfupa ukivunjika. Nilifurahi. Wa pili mdomoni. Wakakimbia, meno yake yakabaki.
Kache pekee ndiye aliyekuja. Kavua kanga ya msiba, kamfunga Baba kichwa. Yeye ndiye mfiwa, na yeye ndiye aliyekuja.
Naandika kwenye benchi la hospitali. Damu imekauka chini ya kucha. Karisa hakuwepo. Hakuhitaji kuwepo.

Jumatano, 16 Julai
Baba yu hai. Wamemnyoa, wamemshona.
Nilirudi kuchukua shuka. Nikakuta lori jukwaani na mitungi ya gesi. Wanakata reli, cheche zinaruka hadi kwenye majani. Kengele washaishusha, imelala kwenye lori na vyuma vingine. Na Karisa kasimama juu ya damu ya baba yake, hata maji hawakumwaga, akiwaonyesha pa kukata.
Nilimrukia. Nilimuuma sikio mpaka kipande kikabaki mdomoni mwangu, nikakitema kwenye mchanga. Ilibidi wakata reli wanne wanivute. Karisa kalia kwa sauti, mbele ya wote. Siku zote hizi ndiyo mara ya kwanza namwona akilia.
Askari wakaja. Waliniuliza mimi maswali kuliko yeye.

Jumamosi, 19 Julai
Kache kapiga simu. Nyumba imechomwa. Paa la jukwaa limeanguka. Tangi wamelibeba.
Sijamwambia Baba.

Jumapili, 24 Agosti
Muyeye, kwa Sidi. Mvua kidogo asubuhi. Kache alipita jana na samaki kutoka Takaungu. Kasema palipokuwa na reli pamebaki mistari miwili ya udongo mwekundu, kuku wanapekua. Baba alikuwa anasikia. Kaomba chai.
Bado huamka ule wakati wa kengele. Huketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mpaka wakati upite. Halafu hulala tena.
Nywele zimeanza kuota kuzunguka kovu, nyeupe pe. Leo nikatoa chupa ya rangi na bakuli. Kajipapasa kichwa kwa ule mkono wa vidole vitatu.
"Wacha, mwanangu," kasema. "Sina tena kitu cha mtu kuniulia."
Nikafunga chupa. Nikachukua kitana, nikamchana taratibu, nikikwepa mshono.